Sura ya Nne: Mwaka 1919 Sisi Tulikuwa Wapi?

Swali hili nimelisikia Tandika, nimelisikia Mwananyamala, na karibu kila mara huulizwa sizoni ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Watu wameketi kwenye kibanda umiza, yaani chumba cha mabenchi chenye runinga moja na kiingilio kidogo, au wako sebuleni na flashi waliyojaziwa na kijana wa dukani. Kwenye kioo wanapita wanaume wa Kiingereza wenye makoti marefu na kofia bapa, na mwaka umeandikwa wazi: 1919. Hapo mmoja anageuka na kuuliza, "Sasa wakati hawa wanafanya haya, huku kwetu kulikuwa na nini?"

Mara nyingi hujibiwa kwa mkato kwamba huku lilikuwa pori. Jibu hilo ni la uongo, tena linatuumiza. Nitalipinga sura hii nzima, nikianzia palepale linapozaliwa, kwenye dakika za kwanza za tamthilia.

Maneno mawili kabla hatujaanza

Tamthilia ya kihistoria ni hadithi ya kubuni iliyowekwa katika wakati uliopita. Wahusika wanaweza kuwa wa kutungwa, lakini nguo, pesa, barabara na sheria zinatakiwa ziwe za wakati ule. Zikikosewa, hilo nitaliita kosa la wakati: kitu kinaonekana kabla hakijakuwapo, au kinaendelea kuonekana baada ya kutoweka.

Miaka ya kati ya vita viwili ni ile ya tangu mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Novemba 1918, hadi kuanza kwa Vita vya Pili, Septemba 1939. Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba. Kwetu mambo yalichelewa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Hizo wiki mbili peke yake zinatosha kuanzishia tamthilia.

Namna sehemu ya kwanza inavyotuteka

Tuchukue Peaky Blinders, sizoni ya BBC iliyoanza mwaka 2013 na kumalizika 2022 baada ya misimu sita. Staringi, Thomas Shelby, anayechezwa na Cillian Murphy, anaingia akiwa juu ya farasi mweusi katika mtaa wa maskini wa Birmingham. Vumbi, moshi wa viwanda, watu wanampisha njia. Binti wa Kichina anatokea na kumpulizia farasi unga mwekundu usoni, watu wakichungulia. Ni ujanja wa kamari: mtaa ukiamini kwamba farasi amefanyiwa dawa, utamwekea pesa kwenye mashindano. Mtazamaji wa Temeke hahitaji kutafsiriwa jambo hilo. Analielewa kabla Mwingereza hajalielewa.

Baada ya hapo macho yanahamia kwenye nguo, na nguo ndizo zinazotudanganya. Koti likiwa zuri na matope yakiwa mengi, tunaamini kila kitu tunachoonyeshwa. Lakini genge halisi lililoitwa Peaky Blinders lilitamba Birmingham miaka ya 1890; kufikia 1919 lilikuwa limeshapitwa, na mji ulikuwa na wakubwa wengine. Wimbo wa kufungulia ni wa Nick Cave, na ulitoka mwaka 1994. Kwa kipimo cha kosa la wakati, tamthilia hii ina makosa makubwa kabisa.

Hata hivyo naipa maksi za juu. Thomas na ndugu zake wamerudi kutoka vitani Ufaransa, ambako Thomas alikuwa mchimba mahandaki chini ya ardhi ya adui. Usiku anasikia sepetu zikigonga nyuma ya ukuta wa chumba chake. Sizoni inamfuata hadi kitandani, inatuambia anachokiogopa, inatuambia nani anamdai. Mtunzi wake, Steven Knight, aliianzisha kutokana na hadithi alizosimuliwa na wazazi wake kuhusu ndugu na majirani wa mtaa wao. Ilianza na mzee kumsimulia mtoto wake ndani ya nyumba ya kawaida kabisa, na Temeke ina nyumba za namna hiyo tele.

Mambo ya kuangalia sehemu ya kwanza ikiisha

Nikitaka kujua kama tamthilia ya zamani inastahili muda wangu, nguo naziacha na kuuliza haya:

- Anayepika, anayebeba na anayefungua mlango ana jina? Tunajua anakwenda wapi kazi ikiisha?
- Kuna mtu anayelipa kitu kwa pesa tunayoiona? Kuna anayedaiwa kodi ya pango?
- Vita vilivyopita vimeacha alama gani mwilini na akilini mwa watu?
- Kila mtu ana shida yake mwenyewe, au wengine wapo tu ili staringi apendeze?

Swali la mwisho ndilo lililozifelisha kazi nyingi zilizowekwa katika Afrika Mashariki ya miaka hiyo. Filamu ya Out of Africa, ya mwaka 1985, inasimulia maisha ya Karen Blixen kwenye shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong, kuanzia 1914 hadi 1931. Ilichukua tuzo saba za Oscar, na mandhari yake ni ya kuvutia mno. Farah, msimamizi wa nyumba, ana jina na ana heshima. Lakini maisha yake mwenyewe, mbali na yale ya bibi wa shamba, filamu haikuona haja ya kuyafuata. Mwaka 1998 televisheni ya Uingereza ilitoa Heat of the Sun, hadithi ya mpelelezi wa London aliyehamishiwa Nairobi ya miaka ya 1930. Wakati ndio huohuo, mji ni wetu, na staringi bado ni mgeni.

Kwa ufupi: tamthilia ya zamani inaweza kukosea kofia na bado ikasema kweli. Inasema uongo pale inapoujaza mji watu wasio na shida zao.

Dar es Salaam baada ya bunduki

Sasa turudi kwenye swali la kwenye benchi. Mwaka 1919 huku kulikuwa na nini?

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na nchi ikapewa jina la Tanganyika mwaka 1920. Iliwekwa chini ya Uingereza kwa niaba ya Ligi ya Mataifa, chombo cha kimataifa kilichokuwapo kabla ya Umoja wa Mataifa wa leo. Mji ulikuwa mdogo: hata mwaka 1931 wakazi wake hawakufika 40,000. Palipo na Temeke na Kinondoni za leo palikuwa na minazi, mihogo na vijiji. Mitaa hiyo ilipimwa na kujengwa kwa wingi baadaye, miaka ya 1950. Mtu wa wakati ule aliyesema anakwenda mjini alikuwa na maana ya Gerezani, Kisutu au Kariakoo.

Na Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi ya wapagazi. Hao ndio waliobeba vita vya Afrika Mashariki vichwani: masanduku ya risasi, magunia ya mchele, vipande vya mizinga, kwa miguu, kutoka Kilimanjaro hadi ng'ambo ya Ruvuma. Kumbukumbu za upande wa Waingereza peke yake zinataja zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa badala ya risasi. Thomas Shelby anasikia sepetu usiku. Mpagazi aliyenusurika na kupanga chumba Kariakoo mwaka 1919 alisikia nini? Hakuna kamera iliyomfuata kitandani.

Mwaka huohuo Ugogo ilikuwa katika njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoua maelfu baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana. Homa ya mafua iliyozunguka dunia ilikuwa imepita bandarini na relini mwishoni mwa 1918. Rupia za Mjerumani zilikuwa zinaondoka. Shilingi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, pamoja na senti za shaba zenye tundu katikati, zilizoweza kutungwa kwenye uzi kama shanga.

Mji nao ulikatwa vipande kwa sheria za ujenzi. Eneo la kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu upande wa bahari, la pili la maduka na nyumba za Wahindi, la tatu la nyumba za Waafrika: Kariakoo, na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa wazi nafasi ya Mnazi Mmoja. Kwenye karatasi sheria ilizungumzia aina ya ukuta na paa. Kwa vitendo ilisema nani alale wapi. Kwa mwandishi wa tamthilia huo ni utajiri: kila mhusika anayevuka Mnazi Mmoja, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, anavuka mpaka.

Karani wa reli

Kama ningeombwa kumchagua staringi mmoja wa miaka hiyo, ningemchagua Kleist Sykes.

Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa askari wa Kizulu aliyeletwa kutoka Msumbiji kulipigania jeshi la Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyetumwa kuvunja upinzani wa pwani. Kijana akakulia mikononi mwa wanajeshi, akajifunza Kijerumani, na vita vya 1914 vilipoanza akapigana chini ya Lettow-Vorbeck. Upande wake ukashindwa. Hebu tulia hapo kidogo: ana miaka ishirini na kitu, serikali aliyoipigania imekwisha, na waliomshinda ndio wanaogawa kazi. Akaingia kwao. Akawa mtumishi wa reli chini ya Waingereza.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dakta James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akiwa na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kwa kumbukumbu alizoziacha Kleist, mazungumzo yake na Aggrey ndiyo yaliyompa wazo la Waafrika kuwa na chama chao. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist akiwa katibu. Walikuwa makarani, walimu na watumishi wa serikali, Waislamu na Wakristo, watu ambao mwajiri wao alikuwa ni huyohuyo waliyetaka kumsemesha. Mwaka 1933 Kleist alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu. Alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama kilichotokana na kile cha kwake kikageuka TANU, na mwanawe Abdulwahid, aliyepigana Burma katika vita vya pili, alikuwemo.

Askari wa upande ulioshindwa anarudi mjini, anaajiriwa na mshindi, mchana anaandika barua za bosi na jioni anaandika za chama. Birmingham haina hadithi inayoizidi hii.

Mtaani kulikuwa na kelele

Watu hudhani miaka ya zamani ilikuwa kimya kwa sababu picha zake hazina rangi. Kariakoo haikuwa kimya. Vyama vya ngoma ya beni, iliyochezwa kwa mwendo wa gwaride na ala za bendi ya jeshi, vilishindana vikali. Marini walikuwa na makarani na watu wenye nafasi. Arinoti walipata wengi wao kwa vibarua na watu wa chini. Viongozi walikuwa na vyeo vya kijeshi na sare zake, na wanachama walichangiana kwenye misiba na shida. Serikali ilivitazama kwa wasiwasi, kwa kuwa chama kinachoweza kupanga gwaride mji mzima kinaweza kupanga na mengine.

Ndani ya nyumba zenye santuri kulikuwa na sauti ya Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, na kuanza maisha kwa kuuza vyungu. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay na kundi lake kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na sahani hizo zikasambaa pwani nzima. Kulikuwa na gazeti la serikali la Kiswahili, Mambo Leo, tangu 1923. Na Novemba 1937 Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Humo watu waliandika juu ya mishahara, kodi na dharau za kila siku. Wakati huo mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulikuwa umeshavunja bei ya mkonge na kuteremsha ujira, na Julai 1939, wiki chache kabla ya vita vya pili, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma.

Kamera ilikuwapo

Hatuwezi kusema kwamba hakukuwa na wa kupiga picha. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza wawili, Leslie Notcutt na G. C. Latham, waliendesha mradi wa filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, wachezaji wakiwa watu wa hapahapa, kisha wakazitembeza kwa lori vijijini, Tanganyika na nchi jirani, maelezo yakichezwa kwenye sahani. Zilihusu safura, kodi, kilimo na faida ya kuweka akiba posta.

Nimewaza sana juu ya wachezaji hao. Walikuwa na vipaji, walisimama mbele ya kamera karibu miaka 20 kabla ya TANU, na walichopewa kucheza kilikuwa somo. Mtu wa kucheza mtumiaji mzuri wa choo alipatikana. Wa kucheza karani aliyeamka usiku akiwaza chama chake hakutafutwa.

Kinachotukwamisha leo

Wazalishaji wanasema ni gharama, na wana haki. Nguo za kushona, magari ya kukodi, mitaa isiyo na nguzo za umeme: yote ni pesa, na Kariakoo ya nyumba za makuti na za mabati ya debe imebomolewa kupisha maghorofa. Lakini mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, iliyowekwa Zanzibar ya miaka ya 1950. Ikafika tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Mji Mkongwe uliokoa sehemu ya gharama. Kwa hadithi ya bara, Pangani, Mikindani na Bagamoyo bado zina kuta za kutosha, na Dar yenyewe imebakiwa na hospitali ya Ocean Road na kanisa la Azania Front, vyote vya wakati wa Mjerumani.

Atakayejaribu azingatie haya machache, maana mtazamaji mzee atamkamata:

- Sanamu ya Askari katikati ya mji ilizinduliwa 1927. Kabla ya vita pale alisimama Wissmann.
- Treni haikufika Mwanza hadi 1928. Kabla ya hapo reli ilipita Tabora na kuishia Kigoma.
- Mwaka 1916 hakuna anayelipa kwa shilingi. Ni rupia, na Tabora ilifua hata sarafu za dhahabu zenye tembo.
- Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Usimvalishe bibi wa 1919 kanga ya juzi.

Wapo wengine wanaoweza kuanza hata kesho bila bajeti yoyote, nao ni watafsiri wa muvi. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijenga jina kwa kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili na kuiongezea maelezo yake ili mtu wa hapa aipate. Kazi hiyo inaendelea, na sauti za warithi wake zinafika kwenye vibanda ambavyo kitabu hiki hakitafika. Ninawaomba hao: mwaka 1919 ukitokea kwenye kioo, mwambieni mtazamaji kwamba mwaka huo wapagazi walikuwa Kariakoo na Ugogo ilikuwa na njaa. Ukitokea 1929, mwambieni kwamba Kleist Sykes na Cecil Matola walikuwa wanaanzisha chama. Na waandishi wa tamthilia wa Temeke na Kinondoni, msisubiri mfadhili ndipo mwanze kuuliza. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo mwaka wa mgomo wa bandari amepita miaka 85. Nendeni mkamsikilize wiki hii.